Kubadilisha shokamzoba za nyuma za pikapu nyumbani

Shokamzoba za nyuma za pikapu yenye springi za majani (vipande bapa vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) ni kazi ya asubuhi moja, na nyingi hazihitaji hata jeki. Kabla ya kununua, hakikisha ni zenyewe zilizokufa. Mzigo wa gari unabebwa na springi. Kazi ya shokamzoba ni kuituliza springi isiendelee kupanda na kushuka baada ya gari kupita shimo au tuta. Kama pikapu imelala nyuma ikiwa tupu, tazama springi: huenda kuna jani lililovunjika, au zote zimechoka. Shokamzoba mpya hazitaiinua, na watu wengi hupoteza pesa hapo.

Kulikandamiza bodi kwa mikono na kuhesabu linavyoruka hakukuambii mengi kwenye pikapu, maana springi za nyuma ni ngumu mno. Iendeshe kilomita kadhaa kwenye barabara ya vumbi, simama, kisha gusa bomba la kila shokamzoba kwa uangalifu, mbali na ekzosi. Inayofanya kazi hupata joto. Ikiwa moja ina joto na mwenzake iko baridi, iliyo baridi imekufa. Unyevu kidogo wa oil karibu na sili (raba inayozuia oil isitoke) si kitu, lakini oil ikiteremka hadi chini na kushika vumbi, hiyo imekwisha. Pitisha pia kiganja juu ya tairi: mabonde na vilima vinavyofuatana ni alama ya gurudumu lililokuwa likirukaruka. Tairi likishalika hivyo litaendelea kuvuma hata baada ya kufunga mpya.

Nunua mbili, kulia na kushoto, hata kama moja tu ndiyo mbovu. Nenda dukani na ya zamani, au namba ya chesi. Linganisha urefu ikiwa imefunguka na ikiwa imebanwa, upana wa bushi (raba iliyo kwenye jicho la kufungia), na tundu la bolti. Ikiwa ndefu kuliko inavyotakiwa, itagota ndani gari likibeba mzigo. Ikiwa fupi, itavutwa hadi ikatike gurudumu likining'inia. Zile za mtumba kutoka Japani siziungi mkono: sili yake imezeeka kama uliyoitoa, na bei unayookoa inakurudisha chini ya gari tena.

Sasa kutu. Hapa Mombasa ndiyo inayokula muda, wala si shokamzoba. Gari linalovuka Likoni kwa feri linapita kwenye maji chumvi pale rampu bamvua likijaa, na hata lisilovuka linakaa kwenye upepo wa bahari usiku kucha. Siku moja kabla, osha chini ya gari kwa maji matamu. Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, kwa hiyo tafuta ya mfereji. Sugua nyuzi za bolti kwa brashi ya waya, halafu pulizia mafuta ya kulegeza kutu, asubuhi na jioni.

Egesha mahali tambarare na pagumu, kaba magurudumu ya mbele kwa mawe mbele na nyuma, tia gia na vuta handibreki. Ikiwa unaingia chini bila shida, acha gari lisimame kwa magurudumu yake. Ukilazimika kuinua, weka kibao kinene chini ya jeki na chini ya kila stendi, kwa sababu mchanga wa pwani huzama taratibu bila wewe kuona. Stendi ziwe chini ya eksel, zisiwe chini ya chesi. Ukiinua chesi, eksel inaning'inia, na ukishatoa shokamzoba hakuna cha kuizuia isishuke zaidi na kuvuta paipu ya breki.

Fanya upande mmoja umalize ndipo uende wa pili. Ule ambao hujaugusa ni mfano wako. Piga picha mpangilio wa washa na raba, maana zikichanganyika unapata mlio wa kugonga usiojua unatoka wapi. Kwenye pikapu nyingi shokamzoba moja iko mbele ya eksel na nyingine nyuma yake, zimetengenezwa hivyo.

Soketi za 14, 17 na 19 zinatosha kwa pikapu nyingi za Kijapani. Anza na bolti ya chini. Ikigoma, ikaze kidogo kwanza ndipo uilegeze, uende mbele na nyuma ukiongeza mafuta. Juu, pikapu nyingi zina pini iliyochomelewa kwenye chesi, na hapo ndipo pa kuwa na subira: pini ikikatika, kazi yako inageuka ya kuchomelea. Nati ikiwa imeoza, ikate kwa msumeno wa chuma kwa ubavu, usiguse nyuzi za pini. Usitumie moto. Tangi la mafuta na paipu za breki ziko karibu, na shokamzoba ya gesi ikipashwa moto inaweza kupasuka.

Ile mpya isimamishe kama itakavyokaa garini, ibane na kuiachia polepole mara tano hivi hadi ishuke laini bila kukatakata. Ikilala kwenye sanduku, hewa huingia pasipo pake. Ya gesi huja na mkanda unaoibana isifunguke. Ifunge juu kwanza, ukate mkanda, kisha ibane kwa mkono uilenge chini. Usiishike nondo yake inayong'aa kwa koleo hata siku moja. Mkwaruzo mdogo unatosha kukata sili, na oil itaanza kuvuja. Bolti ipake grisi kidogo, lakini raba zisiguswe na grisi, zinavimba. Zikikataa kuingia, tumia maji ya sabuni.

Bolti zote ziache zikiwa zimeshikwa kwa mkono tu. Kaza kabisa wakati gari limesimama kwa uzito wake. Nati inabana kibomba cha chuma kilicho katikati ya bushi, na raba inajipinda kukizunguka kila eksel inapopanda na kushuka. Ukikaza eksel ikining'inia, raba itakuwa imejipinda saa zote gari likiwa limesimama, na itachanika mapema huku shokamzoba yenyewe ikiwa bado nzima. Mafundi wengi wenye haraka huliruka hili. Kipimo cha kukaza kiko kwenye kitabu cha gari lako, kitumie hicho.

Za mbele ni habari nyingine. Pikapu kama Hilux kuanzia toleo la Vigo zina springi ya duara iliyobanwa juu ya shokamzoba. Ukifungua nati ya katikati bila kifaa cha kukandamizia springi, inafyatuka kwa nguvu ya kuua mtu. Hizo mpelekee fundi mwenye kifaa hicho.

Baada ya kilomita mia hivi, rudi chini na spana ukague nati zote nne.