Nilivyopunguza madoa meusi kwenye maembe yangu ya Malindi

Embe la aina ya Apple ndilo linalonipa riziki hapa Malindi, na ndilo linaloshikwa upesi na chule, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Unalichuma safi, ganda halina hata alama, lakini likifika Mombasa na kuanza kuiva, madoa meusi yanachomoza.

Kilichonisaidia ni kuelewa kemia ya ganda lenyewe. Kuvu huingia mapema, mvua ikinyesha wakati wa maua na vitunda vichanga, kisha hulala ndani ya ganda. Kinacholilaza ni sumu za asili za embe bichi, hasa risosinoli, zikisaidiana na kemikali nyingine za ganda ziitwazo tanini. Embe likiiva, risosinoli hupungua na kuvu huamka. Aina za maembe hazilingani kwa wingi wa kinga hii, na ndiyo sababu mojawapo ya nyingine kustahimili na nyingine kuoza. Tommy Atkins, embe la Florida, huvumilia chule kuliko Apple, lakini lina nyuzi na wateja wangu hawalitaki. Sikung'oa miembe yangu.

Nilianza na utomvu. Ukiukinga kwenye glasi ukautuliza, unajitenga: mafuta juu, majimaji chini. Risosinoli zimo kwenye mafuta. Kwenye majimaji mna kitinasi, kimeng'enya kinachovunja ukuta wa kuvu. Embe likikonyolewa kwa mkono, utomvu huo huruka mwingi nje, nawe umelinyang'anya silaha yake. Kwa hiyo sasa tunakata kwa mkasi na kuacha kikonyo.

“Shangazi, vikonyo hivi si vitachoma ganda?” kijana anayenichumia aliniuliza.

“Kinachochoma ni utomvu ukimwagikia ganda, mwanangu. Ukibaki ndani hauna neno.”

Kazi ipo kwenye kupanga: kikonyo kisimtoboe jirani yake, maana tundu dogo tu ni mlango wa maradhi mengine. Tunalaza maembe safu moja moja, nyasi kavu katikati. Dawa ya kopa (shaba) ya kuzuia kuvu bado napiga miembe ikichanua, kwani kinga ya ganda hulaza tu kuvu lililokwisha kuingia.

Hasara imepungua sana. Yale yaliyoanza manjano mtini siyapandishi gari la Mombasa. Nayauza sokoni hapa hapa siku hiyo hiyo, risosinoli zake zikiwa zimeshaanza kwisha.