Matiba wa baba yangu

Kila Saba Saba ikifika, Wakenya huweka picha za wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia wakikumbuka mapambano ya vyama vingi. Kwetu Murang'a, katika nyumba ya baba, Matiba alikuwa kwanza mwenyekiti wa mpira.

Baba alishabikia Breweries, timu ya kampuni ya bia, ingawa hakuwahi kuonja bia maishani. Matiba alikuwa mkubwa katika kampuni hiyo wakati alipoongoza KFF, shirikisho la soka la Kenya, 1974 hadi 1978. Mwaka 1975 timu ya taifa, Harambee Stars, walikwenda Zambia na kurudi na Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, baada ya kuwatoa Malawi kwa penalti kwenye fainali. Sikuwa nimezaliwa, ila penalti hizo nimesimuliwa mpaka nazikumbuka: redio ya jirani dirishani, wanaume wamejazana uani, na baba amegeukia ukuta kwa woga.

Uchaguzi wa 1979 Matiba akagombea ubunge wa Mbiri, jimbo la kwetu Murang'a, dhidi ya Dkt. Julius Kiano, waziri na msomi aliyekuwa bungeni tangu uhuru. Wazee walipiga hesabu za barabara na shule. Baba alisema tu, "Huyu alituletea kombe." Walimcheka, lakini Matiba alishinda.

Uchaguzi wa mlolongo wa 1988 naukumbuka kidogo. Watu walipanga foleni nyuma ya wagombea, kila jicho likiona nani kasimama wapi. Desemba mwaka huo Matiba akajiuzulu uwaziri kwa sababu ya wizi wa kura katika uchaguzi wa KANU, chama tawala. Baba alisema refa akiuza mechi, nahodha mwenye heshima hutoa timu uwanjani. (Kwake kila kitu kilikuwa na refa.)

Julai 1990 Matiba akawekwa kizuizini kwa kudai vyama vingi, na huko ndani akapata kiharusi. Mtu wa kupanda milima! Hilo ndilo lililomuuma baba kuliko Matiba kushindwa urais 1992, ingawa alishika nafasi ya pili.

Matiba alipofariki Aprili 2018 nilikuwa nyumbani. Tulisikiliza taarifa nzima: kizuizi, mkutano wa Saba Saba wa uwanja wa Kamukunji, chama chake cha Ford-Asili. Baba aliegemeza sikio kwenye redio mpaka wakaanza habari za hali ya hewa.

"Zambia hawakuitaja?" akaniuliza.

"Hapana, baba."

Akazima redio, akaenda kufungulia ng'ombe.