Njia Itelemkayo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii liko Matendo ya Mitume 8:26-39. Lisomeni kwanza, polepole, kabla hamjaendelea na maneno yangu.

Jumamosi iliyopita nilitoka nyumbani hapa Nairobi saa kumi na moja na nusu alfajiri, peke yangu kwenye pikipiki, simu nimeizima. Wengi wenu mnajua kwamba tangu tumzike mama mwezi wa Aprili, maombi yangu yamekauka. Naimba pamoja nanyi, nafunga pamoja nanyi, lakini nikipiga magoti chumbani maneno hayaji. Nikasema moyoni: nitakwenda kumtafuta Mungu mahali pasipo na watu. Siku nzima, mimi na yeye tu. Nikaweka na nadhiri kwamba sitazungumza na mtu mpaka jioni.

Nilipita Rongai matatu zikiwa bado zinaita abiria wa kwanza, nikajaza tangi Kiserian, nikapanda mpaka Kona Baridi. Aliyepaita hivyo hakukosea, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Pale ardhi inakatika mbele yako na Bonde la Ufa linajitandaza chini, kijivu na kahawia, hadi macho yanapochoka. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Magadi liko kama mita 600. Kwa hiyo kuanzia pale unateremka ukielekea kusini, na kila baada ya kona kadhaa unavua kitu: glavu, skafu, mwishowe unafungua zipu ya jaketi.

Hapo ndipo neno la malaika kwa Filipo, yule mhubiri wa Injili katika sura yetu, liliponijia. "Ondoka ukaende upande wa kusini hata njia ile itelemkayo kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, nayo ni jangwa." Nililirudia kwa sauti ndani ya helmeti kilomita nyingi sana. Kusini, njia ya kuteremka, jangwa. Nilihisi limeandikwa kwa ajili yangu, na nikajiona mimi ndiye Filipo.

Olorgesailie sikusimama, ingawa nimetamani miaka mingi kuona yale mashoka ya mawe ya watu wa kale ambayo wanaakiolojia Louis na Mary Leakey waliyachimbua miaka ya 1940. Magadi mjini pia nilipita tu. Ziwa lile ni magadi yaleyale tunayotia kwenye maharage, ila pale yametanda kama shamba jeupe lililogandana, na joto linakuja kutoka chini kama umefunua sufuria.

Ukishavuka tuta linalokatiza ziwa kuelekea Olkiramatian na Nguruman, lami umeiacha nyuma. Hapo ni vumbi laini kama unga wa ngano, kokoto, na mahali pengine mchanga mzito wa laga, yaani mto wa msimu uliokauka. Aliyezoea lami huogopa mchanga, na woga humfanya apunguze gesi na kubana breki ya mbele. Hapo ndipo anapoanguka. Mchanga unataka usimame kwenye vikanyagio, mikono ilegee, gesi isikatike, na macho yatazame mbali. Jambo la macho ni la kweli kabisa: ukilikodolea jiwe macho, gurudumu litakwenda kwenye jiwe. Kwa hiyo nilitazama mbali. Niliomba nikitazama mbali, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili maneno yalikuja. Nilimwambia Mungu mambo ambayo sikuweza kuyasema kaburini. Nililia. Machozi na vumbi vilishikana mashavuni na sikujali.

Karibu saa tano, kwenye mgunga mmoja mkubwa kando ya njia, alikuwa amesimama mama wa Kimaasai, mtoto mgongoni, mkono ameunyoosha.

Nilimwona. Nataka niseme ukweli huo mbele zenu na mbele za Bwana. Nilimwona vizuri, na nilijua mkono ule maana yake ni nini, kwa sababu kila mtu anayeendesha pikipiki Kenya anaujua. Nikajiambia labda ananisalimia. Nikajiambia niko katika maombi, na nina nadhiri. Nikamwinulia mkono, nikapita, vumbi langu likamfunika yeye na mtoto.

Nilikwenda kama dakika kumi. Maneno ya maombi yalikuwa bado yanatoka, lakini yalikuwa yangu peke yangu, kama mtu anayezungumza kwenye simu iliyokatika. Nikasimama katikati ya njia, nikazima injini. Pale ukizima injini, kimya kinakuwa kizito. Nikajaribu kuendelea na Filipo, na hadithi ikanigeukia.

Wapendwa, Filipo hakuwa na gari! Nimefundisha sura hii shule ya Jumapili sijui mara ngapi na sikuwahi kulitulizia akili. Filipo alikuwa kwa miguu kwenye njia ya jangwa, tena akikimbia. Mwenye gari alikuwa yule Mwethiopia, mtu wa hazina ya malkia Kandake, anayerudi zake kutoka kuabudu, ameketi na maandiko mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa na chombo, na safari, na ibada yake njiani. Na yeye ndiye aliyekuwa hana ufahamu. Filipo alipomuuliza kama anaelewa anachosoma, alijibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Kisha akamsihi apande waketi pamoja. Mkuu yule alisimamishiwa jibu lake kando ya njia, kwa umbo la mtu mwenye vumbi miguuni, na akampisha nafasi kwenye kiti.

Mimi niliomba Mungu aseme nami, halafu nikaweka nadhiri ya kutosemeshwa na mtu.

Siwezi kuwaambia kwamba mama yule alikuwa na ujumbe wangu. Huenda alikuwa anakwenda zahanati tu, au sokoni, na tungesafiri kimya mpaka mwisho. Hilo sitalijua, na ndilo linaloniuma. Lakini najua mama yangu mwenyewe alisimama kwenye njia za namna ile, mimi nikiwa mgongoni, akanyoosha mkono, na mtu fulani akasimama. Alinisimulia hayo. Na kama ni mama niliyekwenda kumlilia jangwani, basi nilimpita.

Niligeuza pikipiki. Nilirudi kwa kasi ambayo mchanga ule haukuitaka na nikaanguka mara moja, si vibaya, goti tu na kioo cha kushoto. Nilipofika kwenye mgunga hapakuwa na mtu. Alikuwepo kijana mmoja na mbuzi wake. Nikamsalimu, "Sopa," na nadhiri ikaishia hapo. Akaniambia mama amebebwa na lori la maji, muda si mrefu. Nikamuuliza kama mtoto alikuwa mgonjwa. Akasema hajui.

Nilikaa naye chini ya mti karibu saa nzima. Alikunywa maji yangu, akanionyesha jinsi ya kunyoosha kishikio cha kioo kwa jiwe. Aliniuliza natafuta nini huku peke yangu. Nikamwambia nilikuja kuomba. Akanyamaza kidogo, akauliza kwa upole kabisa, "Kwenu hakuna watu wa kuomba nao?"

Sikuwa na jibu. Kwa hiyo nilimwambia habari za mama, tangu mwanzo, na alisikiliza mpaka nilipomaliza, akiwaita mbuzi kwa mluzi mara mojamoja bila kunitolea macho. Tukaomba pamoja, yeye kwa Kimaasai na mimi kwa Kiswahili. Nilipanda Kona Baridi jua linazama, zipu nimeifunga tena.

Jumatatu nilinunua helmeti ya pili. Iko nyuma ya kiti, nimeifunga kwa mpira. Jumamosi hii, Mungu akipenda, nateremka tena, na kabla sijavuka tuta la ziwa nitakuwa nimeifungua.