Yai la pauni mbili na nusu

Jumamosi iliyopita mdogo wangu, aliyekuja London kwa masomo na bado ana macho ya mgeni, aliniomba twende tukafungue kinywa katika mgahawa mmoja wa mashariki mwa jiji aliokuwa ameuona kwenye simu. Tulikula mayai mawili kila mmoja, yaliyopasuliwa na kuivishwa ndani ya maji ya moto bila ganda, kisha yakalazwa juu ya kipande cha mkate mgumu uliopakwa parachichi lililopondwa. Mawili hayakumtosha kijana, akaongeza la tatu, na tukanywa chai. Risiti ilisomeka hivi: sahani mbili kwa pauni 13.50 kila moja, yai la nyongeza pauni 2.50, chai mbili pauni 7.60, na chini kabisa ada ya huduma ya asilimia 12.5, jumla pauni 41.74. Ndugu zangu wa Mbagala na Buguruni, trei inauzwaje huko kwenu mnajua wenyewe, kwa hiyo hesabu nawaachia. Ndugu wa Rungwe na Njombe, kuhusu hilo parachichi sitasema neno.

Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa hapa Uingereza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, kabla ya makato. Maana yake ni kwamba mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani usiku kucha hutoa saa nzima ya mgongo wake, na bado hajafikisha bei ya mayai mawili na mkate. Hiyo ada ya huduma nayo, kwa mnaopanga kuja, mara nyingi huandikwa kwenye orodha ya vyakula kuwa ni ya hiari, na mteja ana haki ya kuomba iondolewe. Ila sisi tunaona haya, tunalipa, kisha tunalalamika ndani ya basi. Dukani, dazeni nzima ya mayai ya kuku wanaofugwa kwa kuachiwa nje huwa kati ya pauni tatu na nne. Anayewaambia kwamba maisha ya huku ni ghali anasema kweli, lakini awaambie pia kwamba ughali huo kwa sehemu kubwa unamngoja yule asiyetaka kushika kikaango.

Na hayo mayai ya mgahawani hayana uganga wowote. Chemsha maji kwenye sufuria pana, tia siki kijiko kimoja, punguza moto hadi maji yaache kutokota na kubaki yakitetemeka kidogo tu, kisha pasulia yai kwenye kikombe na ulimimine taratibu. Dakika tatu zinatosha. Siri iko kwenye yai lenyewe, kwa maana yai bichi kabisa, la juzi, ute wake ni mzito na hujikusanya kuzunguka kiini, lakini lililokaa sana ute wake huwa majimaji na hutawanyika sufuriani kama vitambaa. Ukiwa na wasiwasi, lipitishe kwanza kwenye chujio la chai, ule ute mwepesi udondoke. Yai lililokaa wiki moja au mbili liweke kwa ajili ya kuchemsha na ganda lake, kwa sababu hilo humenyeka vizuri kuliko la jana, na likishaiva liingize kwenye maji ya baridi upesi. Ile rangi ya kijani inayozunguka kiini cha yai lililosahauliwa jikoni hutokana na salfa ya ute kukutana na madini ya chuma ya kiini. Haidhuru mtu, ila inatangaza uvivu wa mpishi.

Kiini kinachotiririka ndicho kilichonitesa nilipofika nchi hii. Sisi tumelelewa kuamini kwamba yai lisilokauka ni ugonjwa, na mama zetu hawakuwa na mzaha katika hilo. Nilipouliza nikagundua kwamba Waingereza wenyewe waliwahi kuyaogopa mayai yao. Desemba 1988 naibu waziri wa afya, Edwina Currie, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya mayai yanayozalishwa nchini ilikuwa na salmonela, vijidudu vinavyoharisha. Mauzo yakaanguka, wafugaji wakawaka, na haukupita mwezi kabla hajajiuzulu. Mwaka 1998 ukaanzishwa mpango wa kuwachanja kuku na kugonga muhuri wa simba mwekundu kwenye ganda, na mwaka 2017 mamlaka ya viwango vya chakula ikatamka kwamba hata wajawazito na watoto wadogo wanaweza kula yai lenye muhuri huo bila kulikausha. Basi huku kula unavyotaka. Ukirudi likizo, yai la gengeni lisilojulikana limetoka banda gani likaushe kama ulivyofundishwa, usijifanye Mzungu mbele ya wajomba zako.

Kwenye ganda hilohilo utaona pia namba inayotangulia herufi za nchi: 0 ni la kilimo hai, 1 ni la kuku wanaotoka nje, 2 ni la kuku wa bandani, 3 ni la kuku wa vizimbani. Wengi wetu tunakimbilia lenye kiini cha rangi ya machungwa tukidhani tumepata la kienyeji. Tusidanganyike, kwa sababu rangi hutokana na chakula cha kuku, na huku kuna wanaochanganya maua na paprika kwenye chakula cha kuku ili kiini kipendeze. Kuku wetu wa kisasa hutoa kiini cheupe kwa kuwa analishwa mahindi meupe. Yai la kienyeji la kweli, lile dogo ambalo kuku amelitaga nyuma ya ghala na watoto wakalitafuta, bado sijalionja hapa kwa bei yoyote.

Aliyenipatanisha na kiini laini ni bibi mmoja ninayemhudumia kazini, aliyekuwa mtoto wakati wa Vita Kuu ya Pili, chakula kilipokuwa kinagawiwa kwa vitabu vya mgao. Mgao wa mtu mzima ulikuwa karibu yai moja kwa wiki, tena likipatikana, na pengo lilizibwa na unga wa mayai kutoka Marekani. Mgao wa mayai haukuondolewa mpaka Machi 1953. Bibi huyu hula yai lake kwa heshima ambayo sijaiona kwingine. Lichemshwe dakika nne na nusu, lisimamishwe kwenye kikombe chake kidogo, likatwe kichwa kwa kijiko, kisha mkate uliobanikwa na kupakwa siagi ukatwe vipande vyembamba vya kuchovya ndani ya kiini. Akimaliza anakwangua ganda hadi linang'aa. Siku moja aliniuliza kwetu yai linaliwaje, nikamweleza kwamba utotoni kwangu yai lilikuwa la mgeni, la mgonjwa, au la kupelekwa sokoni kununulia chumvi, na kwamba kuna wazee waliosema mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi, na mjamzito akiyala atajifungua kwa taabu. Nilitarajia acheke. Akanishika mkono, akasema mama yake naye alikuwa akijinyima la kwake ili awape watoto. Wiki iliyofuata nikasikia amemwagiza mpishi amkaangie yai na kitunguu, nyanya na pilipili hoho, “kama kwao yule kijana wangu,” na alipolimaliza aliomba lirudiwe. Nimewahi kutukanwa na wagonjwa wa nchi hii kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, na sijayasahau. Lakini hilo nalo lilitokea, naliandika palepale.

Kwa kuwa nimegusa kazi hiyo, niseme kwa wanaoulizia kila siku: njia ya kuomba viza ya kazi ya kutunza wazee ukiwa nje ya Uingereza ilifungwa Julai 2025. Wakala anayekuuzia nafasi hiyo leo anakuibia, hata akiwa ni binamu yako.

Sasa niseme ninavyokula mimi. Yai la kukaanga la nyumbani, kwa hukumu yangu, linayashinda yote, na wengi tunaliharibu kwa haraka. Kitunguu kikatwe chembamba na kikaangwe peke yake mpaka kilainike. Nyanya iingie baadaye na ikauke maji, kwa maana nyanya mbichi ndiyo inayofanya yai lilie maji sahanini. Hoho na kotmiri viingie mwishoni, ndipo yai lililopigwa na chumvi limwagwe juu ya moto wa wastani, lifunikwe, ligeuzwe mara moja. Ukiwa na chapati ya jana, ilaze juu ya yai kabla halijashikana, geuza, viringisha, na hapo umepata rolex kama ya vijana wa Wandegeya kule Kampala, ambao wamewalisha wanafunzi wa Makerere miaka mingi. Wakenya niliopanga nao nyumba hawataki habari hiyo; wao yai huchemshwa, hupasuliwa katikati, hujazwa kachumbari na pilipili, na huliwa kwa kusimama, na sina ugomvi nao, kwa sababu yai la kuchemsha la kituo cha basi, lenye chumvi na pilipili iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti, ndilo lililotusafirisha wengi kutoka Morogoro hadi Mbeya.

Chipsi mayai, au zege kama tunavyoliita, ni kwa asubuhi ya kutoka zamu ya usiku tu, wakati mwili hausikilizi ushauri. Viazi vya kugandishwa vya dukani vinafaa, ila vikaangwe vikauke kwanza, halafu mafuta yapunguzwe, yai lizunguke kila kiazi, na zege ligeuzwe kwa kufunika sahani juu ya kikaango na kupindua. Fungueni dirisha kabla ya kuanza. Katika nyumba za kupanga kwa pamoja king'ora cha moshi hulia hata kwa kitunguu, na mwenye nyumba wetu wa zamani alibandika tangazo jikoni akitaka tusipike “vyakula vyenye harufu kali” kabla ya saa tatu asubuhi, ilhali chumba cha pili nyama ya nguruwe ilikuwa ikikaangwa kila siku alfajiri bila kuandikiwa mstari. Nilihama, na sababu haikuwa kodi.

Mdogo wangu nimemnunulia kikaango kisichogandisha, kipana kiasi cha kuenea chapati moja, na chujio la chai. Pilipili mbuzi atanunua mwenyewe, maana zinapatikana kwenye maduka ya Waafrika na Wahindi, na hizo, nakiri, bei yake nayo inauma.