Saiba ya Kondele: flashi za wateja zimepata chumba chao

Kwa aliyejiunga leo: najaribu kuifanya kompyuta moja ya saiba ya shangazi, hapa Kondele, Kisumu, ibebe kazi mbili zisizopatana. Kuna iTax, eCitizen na hesabu za M-Pesa, halafu kuna flashi za wateja, ambazo zimeshachomekwa katika kila saiba kutoka hapa hadi Luanda ya Vihiga, na huenda zimebeba virusi.

Mashine ni ThinkPad T480 ya mtumba, RAM GB 16, na ndani nimeweka Qubes, mfumo endeshi unaotenganisha kazi. Chini kabisa iko Xen, haipavaiza (programu inayogawa kompyuta moja kuwa kompyuta kadhaa za kiprogramu, yaani mashine pepe) iliyoanzia Chuo Kikuu cha Cambridge na kutolewa 2003. Juu yake kila kazi ina mashine pepe yake. Inayoitwa dom0, msimamizi wa zote, haina mtandao kabisa.

Safari hii nimeshughulikia USB. Kidhibiti cha USB huweza kuandika kwenye RAM moja kwa moja bila kupitia prosesa, kwa hiyo kuipa mashine pepe iliyoambukizwa kidhibiti hicho bila kizuizi ni kuipa RAM yote. VT-d, kinga ya Intel iliyo kwenye maunzi, ndiyo inayokibana kisivuke mipaka ya sys-usb, mashine pepe inayoshika USB. Ukinunua mtumba, ingia BIOS (mipangilio ya kuwashia kompyuta) kwanza uone kama VT-d ipo. Laptopu niliitaka makusudi pia, maana kibodi yake ya ndani haipiti USB. Kibodi ya USB ingepitia sys-usb hiyo hiyo, nywila na yote.

Kinachonifurahisha zaidi ni PDF. Faili la mteja linafunguliwa kwenye mashine pepe ya kutupwa (inafutwa ikishafungwa), kila ukurasa unageuzwa kuwa nukta za rangi tupu, na upande wa pili unaunda PDF mpya kutokana na nukta hizo. Hila yoyote iliyofichwa ndani ya faili haina pa kupita. Maandishi hayachaguliki tena na faili hunenepa, lakini kwa kuchapisha CV nani anajali?

Shangazi anajali muda. "Mteja wa shilingi kumi hangoji, mwanangu." Ana haki: mashine ya kutupwa huchukua muda kuamka, na RAM inajaa upesi.

Tena haipavaiza nayo ni programu tu. Mwaka 2015 ilifichuliwa VENOM, kasoro katika QEMU, programu inayoiigizia mashine pepe vifaa vya kompyuta, kwenye sehemu inayoigiza kisomeo cha flopi. Flopi! Ilikuwa imekaa humo tangu 2004, na aliye ndani ya mashine pepe angeweza kuitumia kutoroka. Qubes huifungia QEMU yenyewe ndani ya kijimashine pepe chake, na kwangu hilo lina uzito kuliko sifa zote za matangazo.

Imebaki printa. Ya sasa ni ya USB, inakaa upande mchafu pamoja na flashi, na fomu za KRA za watu zinapitia huko huko. Natafuta ya mtumba yenye tundu la Etheneti, niipe mashine pepe ya kuchapisha pekee, na sys-firewall, mashine pepe inayochuja mtandao, iiruhusu mashine hiyo kufika kwa printa tu.