Mashine ilisema moyo wa Simba unapiga 206, kalamu ikakataa

Jamani nimechoka kuambiwa "si mashine ndo imesema". ECG (mashine ya kuchora umeme wa moyo) ya hapa kliniki ni ya kupimia watu, ya mtumba, inajua nini kuhusu mbwa?

Simba, German Shepherd wa miaka 6, aliletwa kuhasiwa, tukataka kucheki moyo kabla ya dawa ya usingizi. Jaribio la kwanza aibu tupu. Nilimbana zile klipu za meno hivihivi, akaruka mezani akaondoka na waya mbili zinaburuta, mama mwenye mbwa ananitazama kama kibaka. Kumbe meno ya klipu unayapiga tupa kwanza, na ngozi unailowesha spiriti. Mara ya pili akalala ubavu wa kulia ametulia hadi anasinzia, karatasi ikatoka: mapigo 206 kwa dakika, fibrilesheni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka na moyo unapiga ovyoovyo. Nikamtumia kaka mmoja mzoefu picha, dakika mbili tu kajibu: anzisha digoksini, dawa ya kupunguza kasi ya moyo. Digoksini! Kwa mbwa anayesinzia!

Stetoskopu ilinipa kama 100 hivi. Sasa nani muongo? Nikachukua kalamu ya Bic na kifuniko chake, karibu sentimita 15, nikailaza juu ya karatasi. Kasi ilikuwa milimita 25 kwa sekunde, kwahiyo urefu wa kalamu ni sekunde 6, unahesabu QRS (ule mchomo mkubwa wa kila pigo) unazidisha kwa 10 upate mapigo ya dakika. Zilikuwa 10, yaani mapigo 100. (Kasi ya 50 unazidisha kwa 20, mi nishawahi kuchanganya nikamtisha mtu bure.) Kumbe wimbi la T la Simba, lile linalofuata QRS, ni refu karibu sawa na QRS, mashine inahesabu yote mawili.

Na kule kupiga ovyoovyo je? Nikamwambia mama aweke mkono mbavuni aseme "ndani" kila Simba akivuta pumzi, mi vidole viko kwenye mshipa wa paja. Akivuta, mapigo yanakimbia, akitoa yanajikokota. Na kila QRS ilikuwa na P yake mbele, kale kawimbi kadogo, kwenye fibrilesheni P huzioni. Ni neva ya vagasi tu, ile inayopunguza kasi ya moyo, mbwa mzima aliyetulia ndo moyo wake unavyopiga. Tukamkimbiza uani raundi 3, nikasikiliza: ta ta ta ta, kama cherehani.

Alhamisi akahasiwa, kuamka tu anatafuta chakula. Kaka wa digoksini kanijibu kwa dole gumba. Zile waya nimeunga na solteipu.