Shashi ya Thelathini

Juzi binti yangu, ambaye siku hizi anasema atasomea udaktari (nafurahi, naogopa pia), aliniuliza ni operesheni gani sitaisahau. Nadhani alitegemea habari ya moyo uliosimama ukarudi kupiga. Nikamwambia ni ile tuliyochelewa kushona. Akaona namkwepa.

Ulikuwa usiku, enzi za Bosi, daktari mkuu wetu wa upasuaji. Kijana wa ajali ya pikipiki, bandama imepasuka, tumbo limejaa damu. Hali kama hiyo haikupi muda wa kutafuta mshipa. Unafungua, unasukumiza shashi kubwa, vile vitambaa vya kunyonya damu, pembe zote nne za tumbo, unakandamiza, daktari wa usingizi anapata nafasi ya kumwongezea damu, ndipo unaanza kuzitoa moja moja ukitazama panapovuja. Bosi aliitoa ile bandama upesi kuliko ninavyoweza kusimulia. Presha iliyokuwa imeshuka ikapanda, hata utani ukarudi.

"Uzi," akasema Bosi.

Sista hakumpa. Sindano ilikuwa tayari kwenye koleo lake, juu ya trei, lakini alikuwa ameifunika kwa kiganja.

"Hesabu haijatimia, Daktari. Zilifunguliwa 30, ninazo 29."

"Hesabu tena."

"Nimeshahesabu tena."

Niligeuza shingo. Shashi zilizotumika zilikuwa zimetandazwa sakafuni juu ya nailoni, mafungu ya tano tano, na fungu la mwisho lilikuwa na nne. Msaidizi wake alikuwa amepiga magoti akichakura ndoo ya taka. Juu ya barakoa niliyaona macho ya Bosi tu, na macho yale niliyafahamu: wodi nzima ilikuwa inayakimbia. Sista aliyatazama. Kiganja hakikuondoka.

Shashi ikishalowa damu huwezi kuitofautisha kwa macho na vilivyomo tumboni. Ina uzi unaoonekana kwenye eksirei, ndiyo, lakini mashine ya eksirei ilikuwa ghorofa nyingine. Bosi akarudisha mkono ndani. Akapapasa nyongani, akapanda ubavuni, akapita juu ya ini, hadi chini ya kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, mkono umezama hadi karibu na kiwiko. Hapo akatulia. Kisha akaanza kuvuta taratibu, na kitu chekundu kikatoka kimejikunja, kinadondosha.

"Thelathini," akasema Sista, akamwekea koleo mkononi.

Hakuna aliyeongeza neno. Kijana alipona, akaenda zake. Noti za operesheni niliandika mimi, na kuhusu jambo hili zina maneno mawili: hesabu imetimia. Ni kweli tupu. Ukizisoma hutajua kwamba kulikuwa na sista.

Fani yetu ndivyo ilivyo. Glavu za mpira tunazovaa, William Halsted wa Baltimore aliagiza zitengenezwe mwaka 1889 au 1890 kwa sababu muuguzi wake, Caroline Hampton, alikuwa anababuka mikono kwa dawa ya kuua vijidudu. Baadaye akamwoa. Sifa za glavu akachukua Halsted. Na tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, kuhesabu shashi kukiwemo, lakini karatasi haifuniki sindano kwa kiganja. Nimesikia ikisomwa haraka haraka, hakuna anayesikiliza, akiwemo msomaji mwenyewe.

Sasa Bosi ni mimi. Si zamani sana muuguzi mgeni, msichana mdogo tu, alinisimamisha nikiwa nimeshaanza kufunga, akasema inakosekana moja. Nikatafuta kote, sikuona kitu. Ilikuwa imegandana na nyingine kwenye beseni. Alizihesabu mbili kama moja. Nikamwambia asante, na siku nyingine afanye vilevile. Maneno yalikuwa sahihi. Sauti sina hakika nayo, maana nilimwona akimtazama mwenzake kabla ya kunijibu.